Barua ya Rabi kwa Ajili ya Mateka

(Mada iliyotolewa katika semina ya Kamati za Haki na Amani, Busi, Kondoa)



Ndugu Mwenyekiti, makatekista, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, wajumbe wa Kamati za Haki na Amani, nanyi wazee wetu Waislamu mliokubali mwaliko wetu na kuketi pamoja nasi: nawashukuru kwa kufika, wengine kutoka mbali na kwa miguu.

Nimepewa kazi ya kuzungumza juu ya wajibu wetu kwa watoto wanaochukuliwa vijijini kwa ahadi ya kazi, kisha wakashindwa kurudi. Ningeweza kuanza na sheria, nayo nitaifikia. Lakini nimeona vema tuanze na barua moja ya kale, iliyoandikwa kwa mkono zaidi ya miaka 850 iliyopita, kwa ajili ya watu waliotekwa. Mwenyewe alikuwa Myahudi, mwalimu wa dini, yaani rabi. Sisi tuliosoma falsafa seminarini tulilikuta jina lake katika vitabu vya Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye humtaja kama "Rabi Musa". Waarabu humwita Musa bin Maimun, na Ulaya hujulikana kama Maimonides. Huenda mmoja akauliza: Rabi wa Misri ana nini na Busi? Naomba tuvumiliane. Nadhani mtaona kwamba ana neno na sisi.

1. Mtu mwenyewe

Musa bin Maimun alizaliwa Córdoba, nchini Hispania, takriban mwaka 1138. Alipokuwa mtoto wa miaka kumi hivi, mji wao uliangukia mikononi mwa watawala wapya, Al-Muwahhidun, ambao hawakuwavumilia Wayahudi wala Wakristo. Familia yake ikaingia njiani. Walitangatanga Hispania, wakaishi Fez nchini Moroko, mwaka 1165 wakafika Akka na Yerusalemu, na hatimaye wakapata makazi Fustat, mji wa kale ulio leo sehemu ya Kairo. Basi mtu huyu alikuwa mkimbizi tangu utoto. Vitabu vyake vya kwanza aliviandika akiwa safarini.

Baadaye akawa mkuu wa Wayahudi wa Misri na tabibu katika jumba la Salahuddin Ayyubi. Katika barua aliyoandika mwaka 1199 kwa mfasiri wake aliyekuwa Ufaransa, alieleza jinsi siku yake ilivyokwenda. Asubuhi na mapema hupanda mnyama kwenda Kairo kuwatibu watu wa Sultani. Akirudi Fustat baada ya adhuhuri, njaa inamuuma, hukuta ukumbi umejaa watu: Wayahudi na wasio Wayahudi, wakubwa na wanyonge, rafiki na wasiompenda. Hushuka, hunawa mikono, huwaomba radhi ale kidogo, mlo wake pekee wa siku nzima, kisha huanza kuwatibu mpaka usiku, na mara nyingine huzungumza nao akiwa amelala chali kwa uchovu. Alifariki mwaka 1204.

Yafaa pia tujue kwamba bahari iliyowaleta wageni katika pwani yetu ilimwachia jeraha. Ndugu yake mdogo, Daudi, alikuwa mfanyabiashara, naye ndiye aliyeilisha familia nzima. Ipo hadi leo barua ya Daudi aliyomwandikia kaka yake kutoka Aydhab, bandari ya Bahari ya Shamu. Humo anamweleza kwamba amevuka jangwa salama, kwamba hakuona bidhaa ya maana pale, na kwamba ameazimu kuabiri kwenda India. Anamsihi kaka yake awatulize wa nyumbani wasiwe na hofu. Daudi alizama katika Bahari ya Hindi, pamoja na mali yake na ya wengine, akaacha mjane na binti mdogo. Miaka kadhaa baadaye Musa alimwandikia rafiki yake wa Akka kwamba baada ya habari hiyo alilala kitandani karibu mwaka mzima kwa homa na huzuni. Mtu aliyewahi kungoja barua ya ndugu isije, anajua maana ya nyumba inayongoja.

2. Barua ilivyohifadhiwa

Wayahudi wana desturi ya kutotupa ovyo karatasi iliyoandikwa jina la Mungu. Karatasi zilizochakaa huwekwa mahali pa pekee. Katika sinagogi la Ben Ezra, huko Fustat, kilikuwamo chumba cha namna hiyo, na kwa karne nyingi watu walitupa humo maandishi ya kila aina: sala, mikataba ya ndoa, hesabu za duka, madeni, maombi ya maskini, barua za wafanyabiashara. Hewa kavu ya Misri ikayatunza. Mwaka 1896 mtaalamu Solomon Schechter alisafiri hadi Kairo, akaruhusiwa kuchukua vipande zaidi ya 190,000 na kuvipeleka Cambridge, Uingereza. Vingine vilifika Oxford, New York na kwingineko.

Sehemu kubwa ya barua hizo iko katika lugha ya Kiarabu, lakini imeandikwa kwa herufi za Kiebrania. Jambo hilo lisitushangaze, kwa kuwa hata Kiswahili chetu kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya hizi tunazofundishwa shuleni. Zipo barua za Kilwa za mwaka 1711 hivi, zilizoandikwa kwa herufi hizo, ambazo zimehifadhiwa hadi leo huko Goa, India.

Katika lundo la Fustat zimepatikana kurasa zilizoandikwa kwa mkono wa Musa bin Maimun mwenyewe: rasimu za vitabu, zenye mistari iliyofutwa na kurekebishwa, na majibu mafupi aliyowaandikia watu chini ya maswali yao. Tena imepatikana barua yenye sahihi yake juu ya ukombozi wa mateka. Barua hiyo imehifadhiwa New York, katika maktaba ya seminari ya Kiyahudi.

3. Jambo lililoandikiwa

Mnamo Novemba 1168, Amalric, mfalme Mkristo wa Yerusalemu, aliingia Misri na jeshi lake, akauteka mji wa Bilbeis. Wakazi wengi waliuawa, Waislamu, Wakristo wa Misri na Wayahudi, na wengine wengi wakachukuliwa mateka. Yatupasa kulisema hilo waziwazi: waliowateka watu wale walivaa msalaba. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya dini zisizo za Kikristo, ulilaani chuki na mateso yote waliyofanyiwa Wayahudi wakati wowote na na mtu yeyote. Mkristo hapungukiwi kitu akisikiliza habari za Bilbeis kutoka upande wa waliofungwa kamba.

Mateka alikuwa na bei. Kutokana na maandishi ya Fustat, wataalamu wameona kwamba katika nchi zilizozunguka Bahari ya Kati bei ya kawaida ilikuwa dinari 100 kwa mateka watatu, yaani dinari 33 na theluthi kwa kila mmoja. Wakati huo familia ya hali ya chini iliweza kuishi kwa dinari mbili hivi kwa mwezi. Kumkomboa mtu mmoja, basi, kuligharimu riziki ya familia kwa zaidi ya mwaka mmoja na miezi minne. Hakuna ukoo wa wakulima au mafundi ulioweza kubeba mzigo huo peke yake.

Musa bin Maimun alikuwa mgeni wa miaka michache tu Misri, kijana wa miaka thelathini hivi. Hata hivyo alizichukua juhudi hizo mikononi mwake, akaziandikia jumuiya za Kiyahudi za miji mingine. Katika barua hiyo anawaeleza kwamba huko aliko mahakimu, wazee na wanafunzi wa Torati wanazunguka usiku na mchana, wakiwahimiza watu katika masinagogi, sokoni na milangoni mwa nyumba, wapate chochote kwa ajili ya kazi hiyo kubwa. Anasema kwamba wao wenyewe wameshatoa kadiri walivyoweza. Ndipo anapowaomba wenzao watoe. Anawahimiza wakusanye upesi, wamwandikie ni kiasi gani kimepatikana, na wampe fedha mjumbe ambaye anamtaja kwa jina.

Itazameni barua hiyo kama watu wa kamati. Haikusudiwi kumliza mtu. Aliyeiandika anaeleza nani anafanya nini, wapi na kwa utaratibu upi. Viongozi wametangulia kutoa kabla ya kuomba. Mchango unatafutwa mahali watu walipo, hata sokoni na mlangoni. Mjumbe ni mmoja na anajulikana, ili matapeli wasije wakajipenyeza. Hesabu inaandikwa. Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Rabi huyu alikuwa mwalimu wa mambo ya juu kabisa ya falsafa, lakini fedha za mateka hakuziacha bila daftari.

4. Sheria aliyoiandika baadaye

Miaka michache baadaye Musa bin Maimun aliandika kitabu kikubwa cha sheria za Kiyahudi, Mishneh Torah. Katika sehemu inayohusu haki za maskini amelieleza jambo la mateka kwa maneno machache yenye uzito. Nitataja mafundisho manne.

Kwanza, kumkomboa mateka hutangulia kumlisha na kumvika maskini. Sababu yake ni nyepesi: mateka ana njaa, ana kiu, yu uchi, na tena maisha yake yamo hatarini. Taabu za maskini wote zimekutana ndani ya mtu mmoja.

Pili, na hili ningependa waumini walisikie vizuri. Ikiwa jumuiya imekusanya mali ya kujenga sinagogi, mawe yamechongwa, mihimili imeletwa, kila kitu ki tayari, hairuhusiwi kuviuza vitu hivyo kwa ajili ya jambo jingine jema. Ila kwa ajili ya kukomboa mateka, viuzwe. Sinagogi likishajengwa haliuzwi. Hapo watu wachange upya.

Nasi Wakristo tunalo fundisho kama hilo katika nyumba yetu. Karne nane kabla yake, Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano, aliviyeyusha vyombo vitakatifu ili kuwakomboa watu waliotekwa katika vita. Alipolaumiwa, alijibu kwamba Kanisa lina dhahabu kwa ajili ya kuwasaidia wahitaji na si kwa ajili ya kuiweka akiba. Na mwaka 1198, Musa bin Maimun akiwa bado hai, Papa Innocent wa Tatu aliidhinisha Shirika la Utatu Mtakatifu, lililoanzishwa na Mtakatifu Yohane wa Matha kwa kazi ya kuwakomboa mateka.

Tatu, mateka wasikombolewe kwa bei inayozidi thamani yao. Neno hili linasikika gumu, kana kwamba binadamu ana thamani ya fedha. Kusudi lake ni jingine: mtekaji akijua kwamba jumuiya italipa bei yoyote, kesho atarudi kuteka tena. Huruma isiyotumia akili inaweza kulisha biashara ile ile inayoilaani.

Nne, anapopanga ngazi nane za utoaji sadaka, ngazi ya juu kabisa si kutoa fedha nyingi kwa siri. Ni kumshika mkono mtu kabla hajaanguka, kwa zawadi, kwa mkopo, kwa kushirikiana naye katika biashara au kwa kumpatia kazi, ili asihitaji tena kuomba. Mafundisho haya mawili ya mwisho yafungeni pamoja: fedha inayotolewa mapema kwa familia inayoyumba ni ndogo kuliko fidia inayotafutwa baadaye, na tena haimtajirishi mtekaji.

5. Njia iliyopita kwetu

Ndugu zangu, mambo ya kuteka na kukomboa hayakuishia Misri. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora na Ujiji. Wafanyabiashara wa pwani walifika pia Kondoa Irangi na kuweka makazi. Waliopita walibeba vitambaa, shanga na pembe za ndovu, na wengine walipitishwa wakiwa wao wenyewe ndio bidhaa.

Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo. Walinunua uhuru wa watumwa, wengi wao watoto, wakawalea na kuwafundisha kazi, na familia zilizoanzishwa na waliokombolewa zikaishi katika kijiji cha misheni. Tunaiheshimu kazi hiyo, maana kila mtoto aliyekombolewa alikuwa ulimwengu mzima kwa mama yake. Lakini kununua mmoja mmoja hakukumaliza biashara. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba kwa kushinikizwa na Waingereza. Utumwa wenyewe uliondolewa nguvu ya kisheria Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922. Fundisho la tatu la Rabi Musa linaonekana hapo: fidia humtoa mtu shimoni, na sheria hulifukia shimo. Vyote viwili vinahitajika.

Tena tusidhani kwamba kila mateka huchukuliwa kwa bunduki. Katika njaa kubwa ya Mtunya, iliyoipiga nchi hii ya kati baada ya Vita Kuu ya Kwanza kupora nafaka, ng'ombe na wapagazi, masimulizi yanataja familia zilizowaweka watoto wao rehani ili zipate chakula. Njaa nayo huteka watu.

6. Mateka wa siku zetu

Sasa tuje kwetu. Mvua ikikatika, mahindi yakinyauka na uwele usipotosha, nyumba nyingi za uwanda huu hubaki na mikono mitupu. Ndipo anapokuja mtu, mara nyingi mwenye kujulikana, hata shangazi au jirani wa zamani, akisema kwamba mjini kuna kazi ya ndani, mshahara mzuri, na mtoto atasomeshwa jioni. Nauli analipa yeye. Mzazi anamshukuru Mungu.

Wapo wanaofika na kutendewa vema, na kazi ya ndani ni kazi halali yenye heshima. Lakini wapo wanaoambiwa kwamba nauli ile ni deni, chakula ni deni, nguo ni deni. Mshahara hupelekwa kwa dalali. Simu huchukuliwa. Binti akipigwa au kuingiliwa, hana pa kukimbilia kwa kuwa hata jina la mtaa halijui. Mzazi akiomba mwanawe arudi, huambiwa alipe kwanza. Hiyo, ndugu zangu, ni fidia. Tusiliogope jina lake.

Nchi yetu inayo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Kumtafuta, kumsafirisha au kumpokea mtu kwa ajili ya kumnyonya ni kosa la jinai. Aliyesafirishwa akiwa mtoto, msafirishaji hawezi kujitetea kwamba mtoto mwenyewe alikubali au mzazi aliridhia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliyefikisha umri huo haruhusiwi kupewa ila kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamkinga dhidi ya unyonyaji. Basi mzazi anayedaiwa nauli ili arudishiwe mwanawe asitafute fedha za kumlipa dalali. Aende polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, au kwa afisa ustawi wa jamii, au apige simu ya kuwasaidia watoto, namba 116. Kumlipa dalali ni kumpa nauli ya mtoto mwingine.

7. Ninachopendekeza

Naleta mapendekezo manne, nayo nimeyachota katika barua tuliyoizungumzia.

Moja: kila kitongoji kiwe na daftari. Mtoto au kijana anapoondoka kwenda kazini, liandikwe jina lake, umri, amechukuliwa na nani, anakwenda mtaa gani, kwa mwajiri gani, na namba ya simu. Daftari litunzwe na watu wawili, Mkristo na Mwislamu, kwa makubaliano na mwenyekiti wa kitongoji. Dalali mwema hatachukia kuandikwa.

Mbili: tuwe na mfuko wa mateka. Fedha zake zisimlipe dalali hata senti moja. Zilipe nauli ya mzazi au mjumbe anayekwenda kumfuata mtoto pamoja na polisi, matibabu ya mtoto akirudi, na sare yake ya shule. Hesabu isomwe hadharani kila baada ya miezi mitatu.

Tatu: sehemu ya mfuko huo itumike mapema, wakati wa kiangazi kikali, kwa nyumba zilizo katika hatari ya kumtoa mtoto kwa sababu ya njaa. Gunia moja la mahindi kwa wakati wake laweza kumzuia mtoto mmoja nyumbani.

Nne: viongozi tutangulie. Siwezi kuwaomba ninyi kabla sijatoa. Nimekwisha kumkabidhi mhasibu mchango wangu, naye ameuandika. Tena naleta mbele ya Halmashauri ya Walei pendekezo kwamba mchango wa ujenzi wa kanisa la kigango uchangie mfuko huu endapo mtoto yuko hatarini na mfuko umekauka. Najua tumefyatua matofali kwa jasho, na mabati yamepanda bei. Najua pia kwamba wapo watakaonung'unika, nao wana haki ya kusikilizwa katika kikao. Lakini tukimwimbia Mungu chini ya paa jipya, huku tukijua kwamba binti wa jirani amefungiwa ndani ya nyumba ya mtu kwa sababu ya deni la nauli, ni nani atakayeufurahia wimbo huo?

8. Neno kwa wazee wetu wa dini zote

Nimalizie na barua nyingine ya Rabi huyo huyo. Aliandikiwa na mtu aitwaye Obadia, mwongofu katika dini ya Kiyahudi. Obadia alikuwa amesema kwamba Waislamu si waabudu sanamu. Mwalimu wake akamkasirikia, akamwita mpumbavu. Musa bin Maimun alimjibu kwamba yeye Obadia ndiye aliyesema kweli, kwa kuwa Waislamu humkiri Mungu mmoja, na kwamba mwalimu yule alitenda dhambi kubwa kumwaibisha mgeni, hivyo inampasa amwombe msamaha mwanafunzi wake.

Kumbukeni nani aliyeandika maneno hayo. Ni mtu ambaye familia yake ilifukuzwa kwao na watawala Waislamu, na ambaye aliwachangia watu waliotekwa na wafalme Wakristo. Alikuwa na sababu za kutosha za kutusema vibaya sote. Lakini uonevu aliotendewa na baadhi haukumfanya awasingizie wote. Haki inaanzia hapo: kumsemea jirani ukweli hata pale kidonda chako kinapouma.

Hapa Kondoa Waislamu na Wakristo tunazikana, tunaoana, na tunagawana maji ya kisima kimoja. Dalali hamuulizi mtoto dini yake. Basi nasi tusimuulize tunapomtafuta.

Mwenyezi Mungu, Mungu wa Ibrahimu, atujalie moyo wa kutenda.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika kitongoji chetu, ni watoto na vijana wangapi walioondoka kwenda kazini ambao hatujapata habari zao kwa zaidi ya miezi sita? Nani atawaulizia, na lini?

2. Rabi Musa alifundisha kwamba mawe ya sinagogi yauzwe kwa ajili ya mateka. Sisi tungekubali matofali yetu yasubiri? Kila mmoja atoe sababu zake.

3. Mzazi akidaiwa nauli na dalali, tumsaidieje bila kumtajirisha dalali?

4. Ni nyumba zipi zinazotarajia kupungukiwa chakula mwaka huu, na ni nini kinachowezekana kufanywa kabla ya kiangazi?